Injini Mpya, Gari Kuukuu: Hesabu ya Kitale na Bungoma

Mwenye Toyota DX au Datsun 1200 inayotoa moshi wa buluu huanza na maswali mawili: injini ya kisasa inauzwa bei gani, na ina nguvu kiasi gani? Majibu yake hupatikana kwa simu moja ya kwenda kwa muuza spea. Swali linaloamua kama gari hilo litabeba mahindi miaka kumi mingine au litageuka banda la kuku nyuma ya nyumba ni la tatu, na huulizwa pesa zikishatoka: vitu vinavyoizunguka injini, yaani giaboksi, rejeta, tangi, nyaya, breki na hati ya usajili, vitaipokea?

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba injini yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kadiri unavyotoka nje ya ukoo wa injini ya asili, ndivyo gharama inavyohama kutoka kwenye injini kwenda kwenye mambo ambayo hakuna aliyeyapigia hesabu. Kitale na Bungoma, miji ya magharibi mwa Kenya, kwa sababu ya mwinuko wake na aina ya karakana zake, huidhihirisha kanuni hiyo waziwazi.

Kwa nini magari haya hayafi

Trans Nzoia, kaunti ulimo mji wa Kitale, ilikuwa nchi ya mashamba makubwa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na shamba kubwa halikuweza kungoja fundi kutoka Nairobi kila trekta lilipokwama, kwa hiyo mengi yalikuwa na karakana zake. Ujuzi wa kufungua na kufunga mashine ukabaki mikononi mwa watu wa eneo hilo hata mashamba yalipogawanywa. Bungoma ina historia tofauti. Iko kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba, malori hupita mchana na usiku, na palipo na malori hapakosi mchomeleaji, fundi wa nyaya na duka la beringi.

Magari yenyewe yalikuja na sifa tayari. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968. Dereva Shekhar Mehta aliyashinda mashindano hayo mara tano akiendesha Datsun: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mkulima aliyesikia matokeo hayo redioni hakuhitaji tangazo jingine. Datsun 1200 ya mwaka 1970 na Corolla ya muundo wa KE70 iliyofuata mwaka 1979, ambayo Wakenya wengi huiita DX, zina bodi nyepesi, ekseli ya nyuma isiyo na mambo mengi, na nafasi ya kutosha chini ya boneti kwa mikono miwili na spana.

Upande wa pili kuna bei ya gari jingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na juu ya bei ya Japani huongezwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Injini iliyotumika haifungwi na kikomo hicho cha miaka minane. Basi bodi ipo na ni nzima, injini za Japani zimejaa madukani, na gari jingine ni ghali. Hapo ndipo wazo la kubadilisha injini huzaliwa.

Njia nne, si moja

Watu husema "kubadilisha injini" kana kwamba ni kazi moja. Ziko njia nne, na umbali kati ya ya kwanza na ya mwisho ni mkubwa.

Ya kwanza ni kutobadilisha: kuchonga silinda, kuweka pistoni na ringi za saizi ya juu, kusaga krenkshafti na kuweka beringi mpya. Njia hii haibadilishi kitu chochote katika hati za gari. Udhaifu wake ni spea. Pistoni za injini ya miaka ya 1970 hupatikana, lakini ubora wake hutegemea bahati, na pistoni mbovu humrudisha mwenye gari alikoanzia kabla ya msimu kuisha.

Ya pili ni kubaki ndani ya ukoo. DX nyingi zilikuja na injini ya 4K yenye sentimita za ujazo 1,290. Ndugu zake ni 3K ya 1,166, 5K ya 1,486 na 7K ya 1,781, na hizi mbili za mwisho zilifungwa kwenye magari ya LiteAce na TownAce. Giaboksi za ukoo huo hufungana na injini za ukoo huo. Kazi kubwa mara nyingi ni kuhamisha sampu ya oili na bomba lake la kunyonyea kutoka injini ya zamani, kwa kuwa injini ya gari la kubebea mizigo hukaa kwa namna nyingine chini ya kiti. Kwa Datsun 1200, injini ya A12 ya 1,171 ina ndugu A14 ya 1,397 na A15 ya 1,488. Kwa Corolla za miundo ya 90, 100 na 110, ukoo wa A hutoa 5A ya 1,498, 4A ya 1,587 na 7A ya 1,762. Starlet iliyokuwa na 2E ya kabureta humkuta ndugu yake wa karibu katika 4E-FE ya 1,331.

Ya tatu ni kuchukua injini ya ukoo mwingine lakini yenye mkao uleule. DX husukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yake hukaa kwa urefu wa gari, giaboksi ikiwa nyuma yake na propela ikielekea kwenye dif. Injini ya kisasa yenye mkao huo ipo: 3SZ-VE ya 1,495, iliyo ndani ya Toyota Rush ya 2006 na TownAce iliyotoka 2008. Ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, na giaboksi yake inafaa kwa propela. Lazima utengeneze mauntini mpya, ukate propela na kuisawazisha, na uhamishe mfumo mzima wa kompyuta. Ni kazi, lakini mantiki ya gari haijapinduliwa.

Ya nne ni kuleta mgeni kabisa. Mfano wake mkubwa magharibi mwa Kenya ni 1NZ-FE ya 1,497, injini ya Probox. Mvuto wake unaeleweka. Probox ziko kila steji, spea zake ziko kila duka, na hakuna fundi asiyezijua. Lakini injini hiyo hulala kwa upana wa gari, na giaboksi yake ina dif ndani yake kwa ajili ya magurudumu ya mbele. Kuiweka kwenye DX ni kutafuta giaboksi ambayo haikuumbwa nayo, kuchonga bamba la kuziunganisha, na kuomba kwamba shafti ya giaboksi na krenkshafti ziwe kwenye mstari mmoja kwa kipimo kidogo kuliko unene wa karatasi. Zikikosea, beringi ya mbele ya giaboksi huanza kulia mapema.

Uingereza watu huweka injini za Honda ndani ya Mini za zamani, na Volkswagen zenye umbo la kobe zimefungwa injini za Subaru katika nchi nyingi, kwa sababu zote mbili zina silinda zilizolala. Wanaofanya hivyo hununua fremu na mabamba yaliyokwisha kuchongwa na kampuni zinazoishi kwa kazi hiyo tu. Kitale hakuna duka la aina hiyo. Kinachokuja kwenye sanduku huko, hapa hutengenezwa na mchomeleaji kwa kukadiria, na kadirio lake ndilo linaloamua.

Hata hivyo, mgeni wa gari moja ni jirani wa gari jingine. Kwa Starlet au Corolla 90, ambazo tayari huzungusha magurudumu ya mbele na injini zake zimelala kwa upana, 1NZ-FE si wazo la ajabu: mauntini na shafti za magurudumu hutengenezwa, lakini muundo ni uleule. Kwa hiyo kabla ya kuuliza injini ipi ni nzuri, uliza gari lako linasukumwa na magurudumu yapi.

Mwinuko unavyobadilisha hesabu

Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu 1,900. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Gari la Mombasa likifika Kitale limeacha njiani karibu moja ya tano ya nguvu zake. Hii ndiyo sababu DX yenye watu watano hupumua kwa shida ikipanda kutoka Kimilili kwenda Kapsokwony, hata kama injini yake haina ugonjwa.

Kabureta huongeza tatizo la pili. Jeti zake zimechongwa kwa hewa nzito ya chini. Hewa ikipungua, petroli haipungui kwa kiasi kilekile, mchanganyiko huwa mzito, plagi hupakwa masizi, na mafuta huliwa bure. Fundi wa Kitale anayejua kazi yake hubadilisha jeti. Asiyejua hugeuza skurubu ya mwendo wa taratibu tu, na hiyo haigusi kinachotokea mlimani. Injini ya kompyuta hupima hewa inayoingia na oksijeni inayotoka kwenye ekzosi, kisha hurekebisha petroli yenyewe, iwe Bungoma au Kitale.

Kwa hiyo faida kubwa ya injini ya kisasa kwa watu wa hapa ni ulaji wa mafuta, zaidi ya mbio. Tangu Septemba 2023, bei ya petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, hoja hiyo imepata uzito. Lakini ina sharti: kihisio cha oksijeni kiwe kizima na kiwe kimeunganishwa. Katika kazi nyingi za haraka kihisio hicho huachwa kikining'inia. Kompyuta ikikosa habari zake hutumia makadirio ya tahadhari na kumwaga petroli zaidi, na mwenye gari hubaki akishangaa injini mpya inavyokula kama ile ya zamani.

Maji, petroli na nyaya

Mwinuko huohuo hugusa rejeta. Kitale maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi takriban 94, si 100. Injini ya kisasa hufanya kazi kwa kawaida kati ya nyuzi 85 na 95, kwa hiyo hutegemea kifuniko cha rejeta kinachoshikilia presha. Kifuniko kizima chenye presha ya baa 0.9 husogeza kiwango cha kuchemka hapo Kitale hadi karibu nyuzi 115. Rejeta ya DX yenye kifuniko kilicholegea, maji matupu ya mtoni, na thamostati iliyotolewa "ili injini ipoe" ni njia ya uhakika ya kupinda hedi ya alumini. Rejeta inunuliwe pamoja na injini, na feni ya umeme iunganishwe kwenye relei, isiunganishwe kwenye swichi ya kubahatisha.

Petroli ni hatari zaidi. Pampu ya mfumo wa kabureta husukuma kwa baa 0.2 au 0.3. Mfumo wa kompyuta huhitaji karibu baa 3, mara kumi zaidi. Mpira wa petroli uliokaa miaka 30 hauwezi kuhimili presha hiyo, na unapopasuka hunyunyizia petroli juu ya ekzosi ya moto. Bomba na mipira yote kutoka tangi hadi injini ibadilishwe kwa ile ya presha kubwa. Tangi lenye kutu lioshwe au libadilishwe, kwa sababu chembe ambazo kabureta ilizivumilia huziba injekta. Pampu iwekwe mahali ambapo petroli haikauki gari likiinama kwenye njia za tope.

Nyaya ndizo huua kazi nyingi. Injini inayouzwa peke yake, imekatwa nyaya kwa msumeno na kompyuta yake haijulikani iliko, ni bei rahisi kwa sababu nzuri. Mafundi wazoefu hupendelea kununua mbele nzima ya gari iliyokatwa, ambayo huiita nosikati: injini, giaboksi, kompyuta, nyaya zake zote, rejeta, pedali ya mafuta na ufunguo. Ufunguo si pambo. Magari mengi ya kisasa yana kifaa cha kuzuia wizi, na kompyuta isiyoutambua ufunguo wake haitawasha injini hata kila kitu kingine kiwe sawa. Zaidi ya hayo, soketi ya kusomea makosa ikihamishwa pamoja na nyaya, fundi yeyote mwenye mashine ya kusoma kompyuta, awe Webuye au Eldoret, ataweza kulihudumia gari. Bila hiyo, gari lina daktari mmoja tu, na siku daktari huyo akihama, gari limekwisha.

Kile ambacho injini hudai kwa gari

Datsun 1200 na magari ya rika lake yaliundwa kwa injini ya nguvu za farasi 60 na ushei. Injini ya TownAce au Probox hutoa kati ya 95 na 110 ikiwa usawa wa bahari. Bodi hubeba nyongeza hiyo bila malalamiko hadi siku ya kusimama. Nishati ambayo breki lazima zimeze hukua kwa mraba wa mwendo: gari lililokuwa likienda kilomita 80 kwa saa likienda 110, breki hufanya kazi karibu maradufu. Pikapu nyingi za zamani zilitoka kiwandani na breki za ngoma mbele na nyuma, bila basta ya kuongezea mguu nguvu. Na basta yenyewe husukumwa na tofauti kati ya presha ya hewa ya nje na ombwe la injini, kwa hiyo gari likiwa Kitale basta husaidia kidogo kuliko likiwa Mombasa.

Disiki za mbele kutoka toleo la juu la gari lilelile, silinda kuu inayolingana nazo na mipira mipya ya breki si anasa ya baadaye. Ni sehemu ya bei ya injini. Asiye na pesa hizo bado hana pesa za injini.

Nyumbani au gereji

Kufanyia kazi nyumbani kuna maana. Gari hukaa salama, mwenye mali huona kila kinachofanyika, na fundi hulipwa kwa hatua. Sehemu kubwa ya kazi, yaani kufungua, kusafisha, kupima na kufunga, haihitaji paa la gereji. Inahitaji sakafu ngumu, stendi za chuma chini ya gari na chenibloki iliyoning'inizwa mahali panapohimili uzito. Tawi la mwembe limeinua injini nyingi, lakini tawi halitoi onyo kabla ya kukatika, na hakuna sababu ya mtu kuwa chini yake.

Mambo matatu yatoke nyumbani. Kusawazisha propela ni kazi ya mashine. Kuchomelea mauntini kunafaa kufanywa na mchomeleaji mwenye mkono uliothibitishwa, betri na kompyuta vikiwa vimetolewa kwanza, maana umeme wa kuchomelea huunguza kompyuta. Nyaya apewe fundi wa umeme wa magari. Jua kali ina watu wa daraja hilo, na baadhi yao wana vyeti vya majaribio ya ufundi kutoka NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, vinavyopima kazi ya mikono. Ni busara kuomba kuona gari alilolifunga mwaka mmoja uliopita, kwa kuwa lile la wiki iliyopita bado halijapita kwenye mvua.

Karatasi

Nambari ya injini na ujazo wake vimo katika hati ya usajili ambayo wengi bado huiita logibuku. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari kuarifu maelezo hayo yanapobadilika, na kazi hiyo iko chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ambayo huduma zake sasa hupatikana mtandaoni kupitia eCitizen. Kinachohitajika kimsingi ni ushahidi wa injini ilikotoka na ukaguzi wa gari. Ndiyo maana stakabadhi ya duka na nakala ya hati za forodha zina thamani sawa na injini yenyewe. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na atakayeulizwa ni yule aliyekutwa nayo.

Wengi huruka hatua hii na huendesha miaka bila kusumbuliwa. Gharama hujitokeza siku mbili: siku ya kuuza, mnunuzi anapolinganisha nambari, na siku ya ajali, kampuni ya bima inapotafuta sababu ya kutolipa na kuikuta chini ya boneti. Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni zinazopendekeza ukaguzi wa magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne. Zikitekelezwa, kila DX barabarani itafika mbele ya mkaguzi.

Thamani ya kubaki na asili

Kuna wanaosema kubadilisha injini ni kuliharibu gari la kale. Hoja hiyo ina uzito mahali fulani. Shindano la Concours d'Elegance, linalofanyika Nairobi tangu 1970, huthamini gari lililotunzwa, na gari adimu lenye injini ya asili nambari zikilingana huuzwa kwa bei nyingine kabisa. Mwenye gari la aina hiyo aikarabati injini yake, au aihifadhi akifunga nyingine. Lakini pikapu ya Datsun inayopeleka vitunguu soko la Chwele ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi huheshimiwa kwa kufanya kazi.

Wapo pia wanaoshauri kuruka petroli kabisa na kuweka mota ya umeme. Opibus, iliyoanza Kenya mwaka 2017, ilijitambulisha kwa kubadilisha magari ya safari kuwa ya umeme. Baadaye, kwa jina la Roam, uzito wa kazi yake ukahamia kwenye pikipiki na mabasi. Kubadilisha gari moja moja, kila moja na vipimo vyake, ni biashara ngumu hata kwa kampuni yenye wahandisi. Hilo ni somo kwa petroli pia.

Hukumu

Kwa DX au Datsun ya kazi, njia ya pili ndiyo ya wengi: ndugu wa ukoo mmoja, kabureta yenye jeti za mwinuko, breki bora, karatasi mkononi. Mwenye safari ndefu kila wiki, anayeweza kununua nosikati kamili, anaweza kuchukua njia ya tatu, na petroli itamrudishia sehemu ya pesa. Njia ya nne inafaa kwa gari la magurudumu ya mbele au kwa mtu anayeipenda kazi yenyewe na ana gari jingine la kumfikisha kazini. Kwa mkulima mwenye gari moja ni kamari.

Na mpangilio wa matumizi ugeuzwe. Pesa za kwanza ziende kwenye breki, za pili kwenye rejeta na mabomba ya petroli, za tatu kwenye fundi wa nyaya na usajili. Zitakazobaki ndizo zichague injini. Zikitosha 4K iliyochongwa upya tu, basi hiyo ndiyo injini inayolifaa gari hilo kwa sasa.